Nilivyoliliwa Nikiwa Hai Kabla ya Usaili wa Chuo

Bwana asifiwe! Asifiwe tena! Wazee wangu, shikamooni. Upande wa akina baba mmeitikia kama mnasukumwa, lakini siwalaumu, maana hata mimi nimesimama hapa na hasira kidogo. Katekista ameniambia nishuhudie kwa unyenyekevu. Nitajaribu.

Mimi ni Fidea. Kwetu ni Kipatimu, hapa Kilwa Masoko nililetwa na kazi ya ghala la ufuta. Nyote mnanijua, na mtaachaje kunijua, wakati hakuna shughuli mji huu ambayo sijashika mwiko? Harusi, Fidea. Kipaimara, Fidea. Mgeni wa parokia anakuja, mwiteni Fidea. Mtoto wa mtu anataka kuandikiwa barua ya kuomba kazi, apelekwe kwa Fidea, ana kompyuta. Na mimi, jamani, nilikuwa najibu kabla mtu hajamaliza kuomba. Sawa, mama. Sawa, baba. Sawa, mwenyekiti.

Kumbe moyoni nina jambo langu. Nilitaka kwenda kusoma shahada ya uzamili ya biashara. Nimekaa ghalani miaka, naona ufuta wa wakulima wetu unapakiwa kwenye malori, unaondoka, na sisi hatujui hata huko unakokwenda unageuzwa kuwa nini. Nikasema nitasoma, nirudi, tuanzishe kiwanda chetu cha kukamua mafuta hapahapa. Nilimwambia Mungu, na mtu mmoja tu.

Ndugu zangu, kuomba chuo cha biashara si kuandika jina na kutia sahihi! Kuna mtihani wa hesabu na Kiingereza. Kuna insha ya kujieleza, wewe ni nani na umewahi kuongoza nini. Halafu kuna usaili, mnaonana na walimu kwenye kompyuta. Mambo yote hayo yanataka kichwa kilichopumzika. Mimi changu nilikuwa nakifikisha mezani kikiwa kimeshatumiwa na mji mzima.

Mwaka jana nilifika mpaka kwenye usaili. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye sufuria za harusi ya watu. Nikavaa blauzi nzuri, nikakaa mbele ya kompyuta. Mwalimu mmoja akaniuliza nieleze siku niliyokutana na ugumu katika uongozi. Nikafumba macho nitafakari. Nikalala! Nilipofumbua, walimu wote wananitazama, mmoja ameshika shavu. Nikasema, "Samahani, ni mtandao." Aibu gani hiyo! Mtandao gani unakoroma?

Nikakosa. Nikalia sana. Kisha, sikilizeni maajabu, nikaanza novena, sala ya siku tisa, ya kuomba nguvu. Naamka alfajiri na mapema kumwomba Mungu nguvu, na nguvu yenyewe inaishia kwenye kuamka!

Mwaka huu nikaomba tena. Mtihani nikaupita kwa neema tu. Usaili ukapangwa Jumamosi asubuhi. Bosi wangu alikuwa ameniahidi likizo ya masomo, ila akanionya kwamba nikikosa safari hii, nafasi hiyo anapewa mwingine. Basi ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho.

Ijumaa yake, hata chai sijanywa, mlango ukaanza kugongwa. Mama mmoja ana kipaimara cha mwanawe, anataka sambusa. Katibu wa kwaya anataka nikachukue sare kwa fundi. Jirani anataka nimfundishe binti yake hesabu. Nikawakubalia wote! Kisha nikakaa jikoni nikaanza kumenya viazi vya sambusa, machozi yanadondokea kwenye sufuria. Ndipo akaingia Bi Somoe.

Bi Somoe ni jirani yangu, Mngindo, Mwislamu wa swala tano, na ndiye yule mtu mmoja niliyemwambia habari ya chuo. Ni mtani wangu. Mnatujua sisi Wamatumbi na Wangindo: mtani akija kwako anakamata kuku na huna la kumfanya, na kwenye msiba yeye ndiye mwenye kauli. Akanitazama. Akaninyang'anya kisu.

"Mmatumbi huyu amekufa," akasema. "Amekufa amekaa, kama kawaida yao."

Nilidhani anatania tu. Akanikokota mpaka kitandani, akanifunika kanga gubigubi, akaizima simu yangu na kuitia kifuani mwake, akatandika mkeka mlangoni. Akaanza kulia! Kwa sauti! Uwiii, Fidea wetu jamani! Nikakemea kwa jina la Yesu, nikataka kuinuka. Akachungulia ndani. "Maiti haamki. Lala."

Watu wakaja mbio, wakidhani ni kweli. Dirisha langu linatazama njiani, nami chini ya kanga nikawasikia wanavyokuja. Mmoja akasema, "Jamani, sambusa zangu!" Mwingine akasema, "Na zile sare za kwaya atachukua nani?" Nikangoja nisikie mtu akisema maskini. Nikangoja weee.

Ndugu zangu, iliniuma! Nawapenda, lakini iliniuma, na wenye sauti zile mko humu ndani, msiangalie chini.

Walipofika mlangoni wakamkuta Bi Somoe amejipaka unga uso mzima, wakajua ni utani. Wengine wakacheka, wengine wakanuna. Yeye akasimama, akasema yale ambayo msibani mtani peke yake ndiye anayeruhusiwa kuyasema.

"Marehemu alitaka kusoma. Kuna aliyemuuliza? Ninyi mlijua mikono yake tu. Kesho ana usaili wa chuo. Anayetaka sambusa aingie, amwombe maiti."

Hakuna aliyeingia. Wakaondoka mmoja mmoja. Na yule mama wa kipaimara, Mungu ambariki, akaingia jikoni kwangu bila neno, akamenya viazi vyake mwenyewe.

Nikalala. Mchana kweupe! Niliamka jioni, Bi Somoe akaninywesha uji, nikalala tena. Mimi niliyekuwa naomba malaika, Mungu akaniletea Mngindo mwenye unga usoni, naye Mngindo huyo akaondoka na mtetea wangu bora. Bwana asifiwe!

Jumamosi nilikaa mbele ya wale walimu macho makavu. Wakauliza, nikajibu. Nikawaeleza habari za ufuta wetu mpaka mmoja wao akasahau muda. Wiki iliyopita wamenijibu. Nimepata, ndugu zangu! Nimepata!

Makofi yatosha, sijamaliza. Leo hii, hapo nje kabla ya ibada, dada mmoja amenikumbatia kwa furaha mpaka akalia. Akasema, "Hongera Fidea! Sasa sherehe ya kukuaga tutafanya Jumapili, na kamati ya chakula utaisimamia wewe." Yaani niagwe, na nijipikie! Nilimtazama. Nikamwambia hapana. Akashangaa, akafikiri, akasema basi atasimamia yeye. Ni hivyo tu! Miaka yote hii nilikuwa naogopa nini?

Namshukuru Mungu wangu. Na wewe uliyechoka, wewe mama unayesinzia hapo nyuma, nakuona, usishtuke. Mwamini Mungu. Aliiendesha Kilwa hii kabla hujazaliwa, na mchana wa leo ataiendesha vizuri tu wakati umelala. Nenda nyumbani ukalale.