Kitanda Chenye Blanketi la Buluu

Mvua ilitukuta barazani kwa kinyozi, kwenye benchi letu lile lenye mguu mmoja wa tofali. Mimi na birika langu la kahawa pembeni. Mama Pasi, anayenyoosha nguo za watu chumba cha pili, makaa yake yamelowa. Bwana Hakika, mlinzi mstaafu wa ghala, ambaye hakosi hakika hata ya asilolijua. Na kinyozi mwenyewe, tunamwita Wembe, kainamia simu. Siku hizi ana mchezo humo: nyumba msituni, ukungu umetanda, na watu waliopotea njia wanakuja kugonga. Kazi yako ni kufungua, kukoka moto, kuwapa chakula na pa kulala. Hakuna kushinda wala kushindwa. Simu ikigonga, Mama Pasi huitikia kwa sauti, mpaka wateja wamezoea.

Ngo ngo ngo.

— Karibu! akaitika Mama Pasi. We Wembe, si umfungulie? Mzee wa watu kasimama na taa yake tangu asubuhi.

— Vitanda vimejaa.

— Na kile chenye blanketi la buluu?

— Kina mwenyewe.

— Mwenyewe yuko wapi?

Sote tulijua Wembe anamwekea nani. Mdogo wake aliondoka na begi la mashine za kunyolea kwenda kutafuta maisha, na simu yake haijapatikana tena. Hata mle ndani kiti alichokuwa akinyolea wateja kimefunikwa shuka, hakikaliwi na mtu.

— Asiyekuwepo na lake halipo, akasema Mama Pasi, kisha akauma mdomo.

— Usimfungulie! akadakia Hakika. Mimi nimekula mshahara wa mlangoni, nawajua. Huyo si mgeni, ni mkaguzi.

— Mkaguzi wa nini, ndani ya simu?

— Wa vitanda! Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Leo yeye, kesho wajomba zake.

— Mimi naona ndiye mwenye nyumba, akasema Mama Pasi. Alitoka kuokota kuni, karudi kamkuta Wembe keshahamia.

— Basi niwape la hakika. Wote waliolala humo ni mtu mmoja. Anabadilisha kofia tu.

— Mtu mmoja alalie vitanda vyote?

— Mwenda pole hajikwai, mama!

Nilicheka, nusura kahawa inimwagikie.

— Hodi.

— Karibu! akaitika Mama Pasi, macho kwenye simu.

— Hodi jamani.

— Wembe, akasema Hakika, leo simu yako inasema kama mtu.

Nikainua kichwa. Mwanamke, begi kichwani, maji yanamchuruzika. Maskini, tulimwacha mvuani tukimkaribisha mgeni wa kwenye kioo cha simu! Tukasogeana, nikampa kikombe. Alikuwa akienda kituo cha mabasi, mvua ikamfunga. Wenzangu wakamweleza shauri lote wakipokezana maneno, kama kwa hakimu: mzee, taa, blanketi, mdogo wake Wembe. Akanywa, akauliza taratibu:

— Na huyo mdogo wako, kaka, huko aliko, mvua kama hii, nani anamfungulia?

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nyumba haijai watu, hujaa visirani. Nilitaka kulitoa neno hilo, nikaona si wakati wake. Nikainamisha birika: tone moja, basi.

Ngo ngo ngo. Safari hii Mama Pasi hakuitika.

— Karibu, akasema Wembe, akabonyeza.

Mzee akaingia, akatua taa, akajitupa na viatu vyake juu ya blanketi la buluu.

— Lo! akaruka Mama Pasi. Mwambie avue viatu!

— Mwache, Mama Pasi. Katoka mbali.

Kisha Wembe akainuka, akaingia ndani, akavuta lile shuka kitini na kulikung'uta.

— Dada, njoo ukae huku, akaita. Hapo benchini panavuja.