Sauti ya Mama Mkwe Kwenye Kipindi cha Angani

KAWIRA: Haloo? Nani huyo?

MUGENDI: Ni mimi.

KAWIRA: Mimi nani? Hii namba siijui.

MUGENDI: Mugendi. Bwanako. Natumia simu ya Bundi wa hapa kazini, yangu imezima.

KAWIRA: Aa. Na mbona unanong'ona? Uko kanisani?

MUGENDI: Niko studio hapa Embu. Wazima huko kwenu?

KAWIRA: Wazima, tunashukuru. Kunanyesha lakini watu wamekuja. Nyumba ya mama imejaa kwaya nzima, wengine wamekalia magunia ya viazi. Jirani Rahmo ametoa TV kubwa ya dukani kwake sokoni Gakoromone, ikaletwa na bodaboda imefunikwa na blanketi. Wewe tu ndio hauko. Ati gari limeharibika—

MUGENDI: Mama yuko hapo karibu?

KAWIRA: Yuko jikoni anapakua mukimo. Kwa nini?

MUGENDI: Toka nje kidogo.

KAWIRA: Si nimekwambia kunanyesha.

MUGENDI: Simama hata kwa zizi. Tafadhali, Kawira.

(Mvua inapiga mabati.)

KAWIRA: Haya, niko na ng'ombe. Sema.

MUGENDI: Imebaki dakika ngapi kipindi kianze?

KAWIRA: Wimbo wa kipindi umetengeneza wewe, na saa unaniuliza mimi? Saa kumi kamili. Imebaki dakika nane.

MUGENDI: Sauti ya mama haimo.

KAWIRA: Haimo wapi?

MUGENDI: Kwa wimbo wa kufungua. Ni ala peke yake. Kinanda na ngoma, basi. Hakuna mtu anaimba.

(Mkwaruzo.)

KAWIRA: Rudia, network inasumbua.

MUGENDI: Umenisikia.

KAWIRA: Nimekusikia. Nilikuwa nakupa nafasi useme kitu kingine. Nani ameitoa?

MUGENDI: Ilionekana kwamba—

KAWIRA: Ilionekana na nani?

MUGENDI: Ni mambo ya kitaalamu. Hii si vichekesho, Kawira, na si tangazo la unga. Ni drama ya sayansi. Watu mia tatu wamefungiwa kwa chombo, wanaenda nyota ambayo wajukuu wao ndio watafika. Kitu kama hicho kinataka ukimya. Kinataka baridi. Mtu akianza kukuimbia maneno hata kabla hujaona sura ya mtu, amekwambia ulie wapi na ufurahi wapi. Hadithi imeisha kabla ianze.

KAWIRA: Hayo umeyasoma ama umeyaota?

MUGENDI: Nakueleza vile—

KAWIRA: Hapana, ngoja na mimi nikueleze. Hao watu wako kwa hilo bati lao hawana shamba. Hawana ng'ombe, hawana mto, hata mvua hii ya kunilowesha hawana. Kitu gani cha nyumbani kimebaki na wao? Si koo zao tu? Sasa ukitoa mtu anayeimba umeniachia nini nione? Vyuma na taa. Mimi mafundisho ya vyuma siyataki Jumapili.

MUGENDI: (anapumua) Unaongea kama dairekta.

KAWIRA: Dairekta gani? Mutembei?

(Mugendi anakohoa.)

KAWIRA: Mugendi. Mutembei alisemaje juu ya sauti ya mama?

MUGENDI: Tulikubaliana iondoke.

KAWIRA: Nani alianza kuitaka iondoke?

MUGENDI: Bundi anasema salio lake ni kidogo—

KAWIRA: Nani alianza?

MUGENDI: Mimi.

(Ng'ombe analia.)

MUGENDI: Uko?

KAWIRA: Niko. Endelea.

MUGENDI: Mutembei aliipenda. Alisema ni hiyo hiyo, ila iwe sekunde hamsini. Na mama aliimba dakika kumi na moja.

KAWIRA: Si ungekata?

MUGENDI: Nikate wapi? Mstari mmoja umeshikana na mwingine, na huko mwisho akaanza kuwaombea wasafiri wa angani, ati walindwe na ajali. Ilibidi aimbe upya.

KAWIRA: Si ungemwambia?

MUGENDI: Nimwambie nani? Mama mkwe? Nimwambie, "hapo umezidisha, nyamaza"? Kuna nthoni, Kawira, mkwe haambiwi ovyo. Mimi hata chai yake nakunywa nikiangalia ukuta. Kila akimaliza ubeti alikuwa ananiangalia kwa kioo, na mimi nasema nzuri, mama. Yeye anaendelea.

KAWIRA: Halafu?

MUGENDI: Halafu Mutembei akapiga, ananiuliza fupi iko wapi. Sikuwa nayo. Nikamwandikia kurasa tatu, kwamba wimbo wa maneno haufai drama ya sayansi. Nilidhani atabisha. Akasema nimemfungua macho. Ameamuru hakuna kuimba hata kidogo, vipindi vyote kumi na tatu.

KAWIRA: Na wewe unayaamini uliyoandika?

MUGENDI: Nusu. Bila sauti wimbo ni safi, siwezi kukudanganya. Lakini nikiusikiliza ni kama nyumba imehamwa. Naona aibu, Kawira. Nimejifunga mwenyewe na sioni pa kutokea.

KAWIRA: Sasa sikiliza. Unajua mama alirudi siku ile ya kurekodi bila koo? Siku mbili maji ya tangawizi. Akaniuliza, "Kwani huyu mume wako hasimamishi mtu?"

MUGENDI: Ati nini?

KAWIRA: "Nilimaliza ubeti wa pili nikangoja aseme imetosha. Akasema nzuri. Mimi nitamwachaje mkwe na kazi katikati? Nikaendelea. Maneno yakaisha, nikaanza kuomba."

MUGENDI: Alikuwa ananingoja?

KAWIRA: Alikuwa anakungoja.

MUGENDI: Na hukuniambia.

KAWIRA: Alinikataza. Alisema utaaibika.

MUGENDI: Basi mwambie wewe. Wewe ni mtoto wake, unajua pa kuanzia. Polepole tu—

KAWIRA: Hapana. Miaka sita nabeba maneno yenu. Mnaketi meza moja na mnasalimiana kupitia kwangu. Nimechoka, nakwambia ukweli. Leo utamwambia mwenyewe.

MUGENDI: Kawira—

KAWIRA: Ukimwambia sasa, kabla kianze, atacheka. Ataenda awaambie wenzake mambo yalibadilika, wale mukimo, waende. Ukiacha ajionee mbele ya hao wote, hatalia, namjua. Lakini hataimba tena. Hata kanisani.

MUGENDI: Nitaanzaje? Nisemeje?

KAWIRA: "Mama, nilikosea." Maneno mawili. Naingia ndani. Usikate.

MUGENDI: Ngoja nijipange—

KAWIRA: Mama. Mama, ni Mugendi. Ana neno na wewe. Si mimi, ni wewe anataka.

(Vicheko vya wanawake. Sahani.)

MAMA: Haloo? Mugendi?

MUGENDI: Mama. Habari ya huko.

MAMA: Nzuri, mwanangu. Na ya Embu?

MUGENDI: Njema, mama.

MAMA: Umekula?

MUGENDI: Nimekula, mama.

MAMA: Pole na gari.

MUGENDI: Asante. Mama, mimi... nilikuwa nataka...

MAMA: Ongea kidogo kwa nguvu. Hawa wenzangu wana kelele leo.

MUGENDI: Ile siku ya kurekodi, mama.

MAMA: Ee. Nilikuchosha siku ile.

MUGENDI: Hapana. Hapana, mama, hukunichosha.

MAMA: Wananiuliza kama ni mimi kweli nitasikika. Nimewaambia wangoje wasikie na masikio yao. Hata mama mchungaji amekuja. Sauti ilitoka sawa, Mugendi?

(Mkwaruzo.)

MAMA: Mugendi? Umepotea?

MUGENDI: Niko, mama.

MAMA: Nauliza ilitoka sawa?

MUGENDI: Ilitoka sawa, mama.

MAMA: Mungu akubariki. Wacha nikae, nyota zimeanza kuonyeshwa. Kawira, shika simu yako.

(Vishindo. Mlio wa TV.)

KAWIRA: Umemwambia? Mugendi, umemwambia ama hukumwambia? Mbona anatabasamu hivyo?

MUGENDI: Kawira, zima hiyo TV. Sema stima imepotea.

KAWIRA: Nizime vipi? Mama amesimama mbele yake. Kinanda kimeanza, na hawa wote wamenyamaza.

MUGENDI: Anafanya nini?

KAWIRA: Ameinua mkono. Anawaambia wangoje kidogo, sauti yake inaingia sasa hivi.