Radi, na Mluzi Uliobaki Ndani ya Albamu

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Radi, alizaliwa Jumamosi ya tarehe 9 Aprili 1988, alfajiri, mvua ikimwagika. Alitoka kimya. Mkunga alimpiga makofi ya mgongoni, wapi, mpaka radi ilipopiga nje ndipo naye akapiga ukelele uliomwamsha jirani wa nyumba ya tatu. Mkunga akasema, "Kumbe alikuwa anangoja mwenzake." Mama yake alifariki Radi akiwa na miaka minne, naye akalelewa na bibi yake, mama wa mama yake, ambaye hakuwahi kumwita mjukuu. Alimwita mwanangu, na aliyebisha alijibiwa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1995. Kwa hesabu hakuwa mbaya, ila dawati lake lilichakaa kabla ya mengine yote kwa kupigwa ngoma. Huko ndiko alikompata rafiki yake wa kufa na kupona, Waya, aliyeitwa hivyo kwa sababu mifuko yake haikukosa waya wa redio ya mtu. Walimaliza sekondari pamoja mwaka 2006. Waya akawa fundi mitambo wa sauti. Radi akaingia gereji kujifunza kupuliza rangi za magari.

Kazi aliiweza. Gari lililopita mikononi mwake ungeweza kujitazamia ukichana nywele. Lakini barakoa ya kazini aliitundika kwenye msumari, ikakaa hapo miaka na miaka. Bibi alipomgombeza, alicheka.

"Nikiivaa siwezi kuimba, Bibi."

"Kwani gari linataka wimbo?"

"Likiimbiwa linakauka vizuri."

Basi alifanya kazi huku anaimba, mdomo wazi, katika ukungu wa rangi. Jioni akipenga kamasi, leso ilitoka na rangi ya gari la siku hiyo. Ukawa mzaha wa nyumbani. Bibi akifua aliuliza, "Leo la bluu?" naye akajibu, "La mwalimu mkuu, Bibi. Analipenda kuliko mkewe."

Alimwoa mkewe, fundi cherehani, tarehe 6 Desemba 2014, wakajaliwa binti mmoja. Mwaka huohuo wa harusi yeye na Waya, pamoja na mpiga dramu na mpiga besi, waliunda bendi. Alipomweleza Bibi kwamba wanapiga roki mbadala, Bibi alimkazia macho. "Hiyo ya kawaida yenyewe siijui, wewe unaniletea mbadala wake?" Hata hivyo ni yeye aliyewapa stoo ya nyuma ya nyumba. Waliziba dirisha, wakasimamisha magodoro ukutani, na Januari 2023 wakaanza kurekodi albamu yao ya kwanza, nyimbo tisa. Radi aliipa jina *Mkono wa Mwisho*, yaani ile rangi ya kumalizia, ambayo ikishakauka gari haliguswi tena.

Nyimbo tatu zilienda salama. Kwenye wa nne, kila Radi alipomaliza mstari, ulisikika mluzi mwembamba. Waya akabadilisha waya zote. Mluzi upo. Akaazima maikrofoni nyingine. Upo. Feni ikazimwa, mke akaambiwa asimamishe cherehani, Bibi akaambiwa aipue birika. Mpiga dramu akasema stoo ina shetani, wakacheka, ila si sana. Mchana mmoja Bibi amesimama mlangoni na sinia ya chai, umeme ukakatika. Mashine zote zikazima. Giza likajaa mle ndani, kimya, na mluzi ukaendelea. Ukipanda, ukishuka. Wote wakageukia kifua cha Radi. Mwishowe Radi mwenyewe ndiye aliyesema, taratibu, "Umeme ukirudi, tuendelee."

Wiki hiyo Bibi alikuta leso nyekundu kwenye nguo chafu. "Leo gari gani?" Radi akajibu bila kugeuka, "La zimamoto." Kesho yake Bibi alipita gereji akienda sokoni. Palikuwa na lori moja tu, la kijani, na fundi mkuu akamwambia ndilo walilokuwa nalo tangu wiki iliyopita.

Daktari alisema rangi imekaa kwenye mapafu na haitoki. Aache gereji, aache na kuimba. Gereji aliacha. Nyimbo zilikuwa zimebaki tatu. Mkewe akamwambia mbele ya watu, "Chagua, uimbe au uishi." Radi akamshika mkono. "Mama Binti, daktari hakusema nikinyamaza nitapona. Alisema nitachelewa." Bibi akafunga stoo kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo yake. Radi hakuuomba. Alikwenda akaketi chini, mgongo kwenye mlango ule, akawa anaimba mdomo umefumbwa. Alifanya hivyo kila siku, mpaka Bibi akafungua. Bibi mwenyewe hakuondoka. Alivuta kiti akaketi ndani ya stoo hadi wimbo wa tisa ulipoisha, Oktoba 2024.

Siku hiyo Waya alimwambia, "Ndugu yangu, kompyuta inaweza kuutoa ule mluzi. Hakuna atakayejua."

"Ukiutoa, huyo atakayebaki ataimba vizuri," Radi akasema. "Ila si mimi. Uache."

Alilazwa mwezi huohuo, akavishwa barakoa ya oksijeni. Alimwona Bibi anaitazama, akaisogeza kidogo. "Umeshinda, Bibi. Nimeivaa." Alifariki Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024, asubuhi, akiwa na miaka thelathini na sita, mkewe kulia na Bibi kushoto.

Ameacha mke, binti mmoja wa miaka saba mwenye sauti ileile ya kuamsha jirani, bibi aliyemlea, na wenzake watatu wa bendi, ambao Bibi amekwisha kuwahesabu kuwa wajukuu wapende wasipende.

Jeneza likishushwa, Waya atapiga wimbo wa tisa. Magitaa yatanyamaza kabla ya mwisho, kisha mtasikia mluzi peke yake, mwembamba, kwa muda. Tunaomba mtu asiinuke kwenda kugusa waya, wala asidhani mashine imeharibika. Huyo ni mwenyewe, anavuta pumzi. Ngojeni mpaka amalize.

Apumzike Radi, na kifua chake kipumzike naye.