Chupa ya Maji ya Tangi

Basi kutoka Igunga lilipoingia Tabora, abiria Veneranda alimsikia mama wa Kinyamwezi, aliyekaa kiti cha mbele yake, akimweleza Mgogo aliyeketi naye habari za kesi yake. "Tangi la nyumba ile ya wageni halijasafishwa tangu Uhuru. Tuliokunywa tuliugua, na daktari amekuta vijidudu. Mwenye nyumba anadai maji ni safi. Ndugu wakili anatutetea bure, na haya ndiyo maji yenyewe," alisema, akiinua chupa.

"Mnyamwezi kushtaki maji!" Mgogo alicheka, akampokonya chupa, maana watani hawaombani ruhusa. "Nina kiu."

"Kunywa, mtani! Wakili atafurahi kupata mgonjwa mwingine."

Mgogo aliirudisha upesi kuliko alivyoichukua. Abiria waliangua kicheko.

"Sasa twende ukamweleze hakimu kwa nini hukunywa," mama alimwambia.

"Siendi!"

Basi likasimama mbele ya mahakama. Mama alishuka na chupa mkono mmoja na Mgogo mkono wa pili, naye bado anabisha.