Nyusi za Bi Neijon

Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 2019, Bi Neijon Laibwij anastaafu baada ya kuitumikia zahanati yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Kila mwaka amezipapasa shingo za kisiwa kizima akitafuta uvimbe, kwa maana jivu la jaribio la bomu la nyuklia lililowaangukia wazee wetu limeziharibu shingo nyingi hapa.

Alianza mapokezi, akapanda hadi kuwa muuguzi mkuu. Ndiye pia aliyesimamia kiti cha kupimia mionzi iliyomo mwilini, ambacho mtu hukikalia robo saa bila kutikisika. Watu wetu walikifanya mtihani. Wiki nzima kabla ya kupimwa hakuna aliyegusa kaa wa nazi, maana nyama yake hubeba mionzi hiyo, ila wakitoka kitini tu, kaa hasalimiki. Bi Neijon akawakomesha kwa kupima bila kutangaza, siku ya pili ya Krismasi.

"Mchungaji, jana ulikula kaa?"

Mchungaji akainua nyusi. Kwetu nyusi zikipanda ndiyo "ndiyo" yenyewe. Mdomo tunauachia kazi ya kula.

Nyusi hizohizo zilituponza mwaka 1996. Bi Neijon alikuwa ameona uvimbe shingoni mwa mama yangu, Litarwut, na meli ya kumpeleka kwa daktari wa upasuaji ilikuwa baharini, nje ya wangwa wetu uliozingirwa na miamba. Akiikosa, angesubiri nusu mwaka. Redio ikauliza, "Mgonjwa yuko tayari? Tumsubiri?"

Bi Neijon akainua nyusi. Redio ikauliza tena. Akaziinua zaidi, zikakaribia nywele.

"Basi, hakuna anayejibu. Tunaondoka."

Mama, aliyekuwa amekalia sanduku lake, akamwambia, "Mwanangu, kwani hiyo redio inakuona?"

Bi Neijon akaita na kuita, lakini meli haikuitika tena. Wakachukua boti ya mashine ya baraza la kisiwa na kuifukuza meli, yeye akiwa amesimama mbele akipepea shuka la zahanati na kupiga mayowe, mama akichota maji yaliyoingia botini kwa beseni la wagonjwa.

"Piga kelele mwanangu, kumbe mdomo unao!"

Mabaharia waliwaona. Wakamwona mwenye shuka na sauti iliyokauka, wakampandisha yeye kwanza na kumlaza kwenye machela. Walipomuuliza kama ndiye mgonjwa, alijibu kwa mdomo, mara tatu.

Ule uvimbe ulikuwa saratani, na ulitolewa kabla haujasambaa. Daktari alisema nusu mwaka ungekuwa mwingi mno. Mama aliishi miaka ishirini na mmoja zaidi, akawapokea watoto wangu wanne na kugombana nao kwa zamu.

Bi Neijon hataki kisa hiki kisimuliwe, anaona haya. Atanisamehe. Zahanati nzima inakushukuru, Bi Neijon, na inakuombea mapumziko marefu yenye afya na raha. Mimi nina langu la kuongeza: watoto wangu walimjua bibi yao kwa sababu ulipanda boti ile.