Fahali wa Shemeji

"Nyati wapigwe risasi wote!" mama mfugaji alimwambia askari wa wanyamapori aliyekaa pembeni yake ndani ya basi. Kinyozi aliyekaa kiti cha nyuma akakunja gazeti. Ugomvi wa bure ni mtamu kuliko habari za kununua.

"Wanatuletea ugonjwa wa miguu na midomo. Ndama wangu wamekufa, maziwa hakuna anayeyagusa!"

"Pole, mama. Hao nyati walifika kwako lini?"

"Hawajafika. Zizi langu lina ukuta."

"Sasa nani kafika?"

Mama akakohoa. "Fahali wa shemeji tu, nilimwazima apande ng'ombe wangu. Alikuwa anadondosha mate, nikadhani ni uchu."

Kinyozi akafungua gazeti upesi, afiche meno.

"Basi tumpige risasi shemeji?" askari akauliza.

"Thubutu! Mume wa dada yangu! Na huyo fahali aliambukizwa na nani, kama si nyati wako?"

Askari alipofungua mdomo, basi likasimama. Kituoni shemeji alikuwa anangoja, kamba mkononi, fahali nyuma yake.

"Shem! Nimemleta amalizie kazi!"

"Usisogee!" mama akapiga kelele dirishani. "Wewe na bwana harusi wako, rudini mlikotoka!"

"Na nyati, mama?" askari akauliza.

"Nao zamu yao inakuja!" akajibu, akishuka.