Bustani ya Marietha Isiyo na Udongo

Kijiwe chetu kipo pale barabara ya Lukozi inapokata kona, mbele ya kibaraza ninachoshonea nguo. Ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe, jiko la mkaa la Shabani, birika lake, na vikombe vinavyosuuzwa katika ndoo ile ile tangu asubuhi. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Sindano, na umbea siutafuti; unanifuata wenyewe nikiwa nimebana pindo la suruali ya mtu. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya mwaka ule wa kilimo cha kufa na kupona. Tulikuwa tumeshasogezwa kijijini, kila kaya imepewa kiwanja chake na amri ya kukilima. Ukungu ulishuka mchana kweupe, ukameza kanisa, ukameza mteremko, ukaja kusimama hatua chache kutoka tulipo. Majembe ya kijiji, yaliyotoka kutiwa mipini mipya, yalikuwa yameegemea ukuta wangu, kwa sababu kesho yake wanaume walikuwa waende kwa Marietha kuibomoa bustani yake.

Shabani ndiye aliyesikia kwanza. Aliinua birika, akaliacha hewani bila kumimina.

— Leo imeanza mapema.

Tukatega masikio. Kule ukunguni, upande wa kiwanja cha Marietha, ilisikika: tu. Kisha kimya. Kisha tena: tu. Mlio wa jembe kwenye udongo mbichi, wa mtu asiye na haraka.

— Mnasikia? alisema Balozi. Jina lake Nikodemo, lakini ni mjumbe wa nyumba kumi na hataki mtu asahau. Marietha anatuambia halimi, akaendelea, kumbe ukungu ukishuka analima kwa kificho.

— Analima nini, mgoshi? Danieli alimuuliza. Tunamwita Redio, maana habari ikipita Soni asubuhi, yeye anayo kabla ya uji. Mimi nimepita pale leo leo, alisema. Udongo haujaguswa. Majani yako vile vile, na buibui wametanda juu yake.

— Basi ni nini hicho?

Redio alikunywa kahawa yake. Nilikanyaga cherehani ili nisisikie, nikaona nazidi kusikia.

Niwaeleze kuhusu huyu Marietha. Ni mjane, mtu wa Songea, alikuwa kibarua wa chai mpaka mgongo ulipomkataa. Kijiji kilimpa kiwanja cha mzee Januari, ambaye hakutaka kukata migomba yake ili vijiji vipangwe. Januari alipakiwa kwenye lori na watu wake, akashushwa Mnazi, bondeni kwenye joto. Migomba ikakatwa siku ile ile, pakasawazishwa. Udongo wa pale ni mweusi, ukiubana mkononi unashikamana. Marietha aliulima siku moja tu akaacha. Tangu hapo hajauchoma hata kwa kijiti.

Badala yake alikusanya mapipa ya lami waliyoyatupa watu wa barabara, akayachoma moto na kuyasugua kwa mchanga mpaka harufu ikaisha. Akatia maji, akatia perege wadogo waliopandishwa kutoka bondeni ndani ya ndoo. Kando ya mapipa akainua mihimili, juu yake akalaza mabomba ya mianzi iliyopasuliwa na masanduku ya mbao, akajaza kokoto za mtoni. Asubuhi na jioni anachota maji ya samaki kwa kopo, anayamwaga kichwani mwa kokoto, yanapita taratibu yakinyonywa na mizizi, yanadondoka tena pipani. Kabichi zake zilikuwa kubwa kuliko za mtu yeyote hapa. Nilizila, na sioni haya kusema nilizipenda.

— Mimi nawaambia hakuna ajabu, alisema Paskali. Huyu alifanya kazi ya misitu kule Sigi, akarudi na kofia na maneno, tunamwita Mtaalamu. Samaki anakojoa, aliendelea. Mkojo ni mbolea. Kabichi inakunywa mbolea, inamrudishia samaki maji safi. Basi.

— Kwa nini mwanzoni zilikufa zote? Balozi alimuuliza. Kabichi za kwanza zilinyauka, na samaki wakaelea matumbo juu. Nilizihesabu maiti zao mwenyewe.

— Alianza na samaki wengi mno na kokoto ngeni. Kokoto mpya hazioteshi kitu. Lazima kwanza zishike utelezi.

— Utelezi gani?

— Ule unaousikia ukipitisha kidole. Ukiuosha, bustani inakufa. Alinieleza mwenyewe. Ule utelezi ni hai, ndio unaopika uchafu wa samaki ukawa chakula.

Shabani alirudisha birika motoni.

— Kwa hiyo mawe yana uhai, alisema.

— Sikusema hivyo, kaka Shabani.

— Umesema. Mawe yanakula, na yakioshwa yanakufa.

Ukungu ulikuwa umefika kwenye ubao, na sura ya Redio, aliyekaa mwisho kule, ilianza kufutika.

— Mimi nina langu, alisema Redio humo humo ukunguni. Mke wangu Secilia alinunua kabichi pale. Alipoitia kisu ilitoa maji mengi, akakinga bakuli. Maji hayo tukayaacha mezani. Asubuhi yalikuwa yamepungua.

— Paka, alisema Balozi.

— Hatuna paka. Na sikilizeni vizuri. Mboga yoyote ukiila, umekula ardhi kidogo. Wazee wetu wamo humo, wanachukua chao nasi tunapata chetu. Sasa ile haikutoka ardhini. Nani anachukua chake? Yupo mtu amekosa fungu lake, anakuja kulidai. Ndiyo maana anachimba. Anatafuta mzizi haupati.

Nilikata uzi kwa meno.

— Maneno ya kizamani, alisema Balozi, ingawa alikuwa amejifunga koti mpaka shingoni. Mimi naona siasa. Ardhi ni mali ya taifa. Mwananchi asiyeigusa amejitenga na taifa. Leo analima hewani, kesho wote tutalima hewani, afisa akija kupima ekari atapima nini? Kikao kimeamua. Kesho mapipa yanashuka, kokoto zinamwagwa barabarani, kiwanja kinapigwa jembe chote. Asipotaka, arudi kwenye chai.

— Kwenye chai hawamtaki na mgongo ule, nilisema. Mnamfukuza aende wapi?

— Hatumfukuzi, Sindano. Tunamlimia.

Tu, ilisema kule ukunguni. Safari hii tuliisikia sote kwa pamoja, na ilikuwa karibu zaidi.

— Labda ni samaki, alisema Mtaalamu, sauti yake imeshuka. Wanarukaruka wanapiga pipa.

— Pipa la bati linalia hivyo, «tu»?

— Au wale samaki wametoka nchi ya joto. Wanasikia udongo wa kwao unawaita. Mnazi huko.

— Na wewe Mtaalamu, nilimwambia, umefika kwenye mambo hayo?

Hapo ndipo tulipomwona mwanamke amesimama mbele ya jiko. Hakuna aliyemsikia akija. Alikuwa amejifunga kitenge begani, viatu mkononi, miguu ina vumbi jekundu la bondeni ambalo huku juu hatuna. Alianza kwa Balozi, akapita mmoja mmoja, kila mmoja akimpigia goti kidogo.

— Shikamoo baba. Shikamoo baba. Shikamoo.

— Marahaba, mwanangu. Keti unywe kahawa, umepata baridi, alisema Balozi. Watoka wapi?

— Mnazi. Mimi ni Yudith, wa mzee Januari.

Kikombe kilichokuwa mkononi mwa Redio kiligonga ubao.

— Januari wetu, alisema Balozi. Hajambo huko?

— Amefariki, baba. Tumekuja naye. Yuko kwenye lori la mahindi, pale chini njia ilipotushinda, kaka zangu wanamlinda. Huko Mnazi hakuwahi kulala vizuri hata siku moja, na kila tulipomuuliza alisema anasikia migomba yake. Ametuachia neno moja tu, alazwe kando ya mama.

Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

— Nyinyi wazee wangu mlimzika mama, mimi nikiwa nabebwa mgongoni. Naomba mnionyeshe kaburi lake ni lipi.

Mimi sikuwepo wakati ule, nilikuwa Lushoto mjini najifunza mkasi. Kwa hiyo nilikaa nikawatazama. Kwetu mtu huzikwa kwenye migomba ya nyumbani, na mgomba ndio unaokwambia nani yuko wapi: huu wa babu, ule wa mtoto aliyekufa kwa surua. Hatuandiki. Ukikata migomba umewafuta watu. Balozi alikuwa mbele siku ile ya kukata. Redio alibeba vigogo. Mtaalamu ndiye aliyekuja na kamba ya misitu kunyoosha mpaka wa kiwanja. Niliwaona wote watatu wakihesabu migomba ambayo haipo, macho yamekodoka ukunguni, na nilisikia hasira juu yao, kisha huruma, kisha woga ukazima vyote viwili.

— Ulikuwa mgomba wa kati, alisema Redio.

— Wa kati ulikuwa wa mama yake Januari, alisema Mtaalamu.

— Upande wa kijito.

— Upande wa kijito walilala mapacha.

Yudith aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Hakupandisha sauti.

— Basi nionyesheni pale pasipo na mtu. Tumlaze hapo. Mama atamwona tu.

Shabani aligeukia mkaa akaanza kuupuliza, ingawa ulikuwa unawaka.

— Hata mimi sijui, mwanangu.

Alikuwa Marietha. Alipanda kutoka upande wa sokoni, upande wa barabara, kapu tupu kichwani, mkono mmoja kiunoni kushikilia ule mgongo wake. Alituamkia, akalitua kapu.

— Wananiuliza kwa nini silimi. Siku ya kwanza jembe langu liligonga mti. Nikauvuta, nikaona ni msalaba usio na jina. Nikaufukia. Nikamwendea Balozi, akaniambia ni mzizi wa mkaratusi, nisitafute visingizio. Nikasema, sawa, ni mzizi. Lakini sitachimba. Sijui nani amelala wapi, basi ndiyo maana sijachimba popote.

Balozi alikuwa akitazama kahawa yake. Nimemjua mtu huyu miaka mingi na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona mdogo.

— Kesho hakuna kuchimba, alisema polepole.

— Na baba? aliuliza Yudith. Bila kuchimba atalala wapi?

Nilimwona Marietha akigeukia mteremko wake, kwenye mapipa na masanduku yale aliyoyaanza na kabichi zilizokufa, akayarudia mpaka yakamlisha. Alikuwa hana kitu kingine duniani.

— Tutamlaza juu ya ardhi, alisema. Kokoto zangu zipo, za kumfunika zitatosha. Mnazitoa masandukuni, mnazijenga juu yake vizuri. Udongo hatuugusi.

— Na bustani yako, mama? nilimuuliza.

— Kokoto nyingine ziko mtoni, Sindano. Zitachukua muda kushika utelezi. Samaki watangoja, wakiweza.

Yudith aliweka kikombe chini, akataka kupiga goti, Marietha akamshika kiwiko. Na hapo ikasikika: tu. Kisha tena: tu. Haikuwa na haraka. Marietha alikuwa amesimama mbele yetu, mikono mitupu. Sisi sote tulikuwepo, na majembe yote ya kijiji yalikuwa yameegemea ukuta wangu.

Yudith aligeuza kichwa kuelekea kiwanja cha baba yake.

— Kumbe mmeshamtuma mtu, alisema. Huyo anayechimba ni nani?

Nilimtazama Balozi, Balozi akamtazama Redio. Mtaalamu alivua kofia yake. Marietha ndiye aliyetangulia, akiwa amemshika Yudith mkono, na ukungu ukawapokea wote wawili kabla hawajafika kwenye kona. Shabani alifunika birika kwa kitambaa, tukaondoka nyuma yao tukiwa tumebanana, mikono mitupu. Majembe tuliyaacha pale pale ukutani kwangu, na mpaka mvua zilipoanza hakuna mwanamume aliyekuja kuyachukua.